Tifutifu ya Mlimani

Mnaoifuata safu hii mnajua desturi yake: mmoja wetu huchukua neno kutoka darasani kwake, akalileta klabuni tulipime kwa Kiswahili. Toleo lililopita mwenzetu wa uuguzi alituhangaisha na "shinikizo". Zamu hii ni yangu, na neno langu ni tifutifu. Sikulichagua. Lilinijia kwa simu.

Mjomba wangu anakaa Mazeras, nyuma ya Mombasa, upande wa bara. Amestaafu kazi ya bandarini, kiinua mgongo chake kimeingia benki, na sasa amepata mtu anayeuza ekari mbili. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za kwanza zilikuwa salamu na habari za wagonjwa. Ya nne ilikuwa hii: "Mpwa wangu, mwenye shamba anasema udongo ni tifutifu mtupu, hata mbolea hautaki. Wewe ndiye unayesomea udongo huko Marekani. Nitoe pesa, nisitoe?"

Ujumbe ulinikuta nikikwangua matope kwenye viatu. Siku hiyohiyo darasa letu lilikuwa limeshinda ndani ya shimo juu ya Tussey Mountain, mmoja wa milima mirefu mithili ya kuta inayokatiza Pennsylvania ya kati. Na katika shimo hilo, saa chache tu kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimeaibika kwa neno lilelile.

Kwa wasiolifahamu somo letu: kuainisha udongo huanza kwa jembe. Shimo linachimbwa kina cha mita moja na nusu hivi, ukuta wake mmoja unasawazishwa kwa kisu, kisha wanafunzi wanabanana mbele yake, kila mmoja na daftari na chupa ya maji. Maji si ya kunywa. Unachukua konzi ya udongo, unaulowesha kidogo, unaukanda kama unga wa chapati, halafu unausukuma kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada uone utatoa utepe mrefu kiasi gani kabla haujakatika. Mfinyanzi hutoa utepe mrefu unaong'aa. Kichanga hakitoi kitu, kinamomonyoka tu. Wangu ulitoa utepe mfupi usiofika sentimita mbili na nusu. Mchanga ulinikwaruza vidole, lakini katikati ya mikwaruzo mlikuwa na ulaini kama wa unga wa sembe. Hiyo ni tifutifu. Kwa vipimo vya Kimarekani, tifutifu ni udongo ambao mchanga wake haufiki asilimia 52, chembe zake laini za kati ziko baina ya asilimia 28 na 50, na mfinyanzi wake baina ya 7 na 27. Mchanga hapa ni chembe yenye upana wa milimita 0.05 hadi 2, na mfinyanzi ni chembe isiyofika milimita 0.002.

Nikaandika "tifutifu" kwa mwandiko mkubwa, nikamwonyesha mwalimu. Akaniuliza, "Ungepewa shamba hapa, ungepanda nini?"

"Mahindi," nikasema bila kusita.

Akanitaka nipande kutoka shimoni nitazame pande zote. Palikuwa na miti ya mwaloni iliyodumaa, vichaka vyenye majani magumu ya kung'aa, na mabuluberi ya mwituni. Hapakuwa na shamba hata moja. Kisha akanigeuza nitazame bondeni. Bonde lote lilikuwa mashamba: mahindi, soya, majani ya ng'ombe, maghala marefu. "Walowezi walikuja hapa zaidi ya miaka 200 iliyopita," akasema. "Wana njaa ya ardhi. Unadhani hawakuuona mlima?"

Sasa niwaambie kilichonidanganya. Shule ya msingi tulifundishwa aina tatu za udongo: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Tukaandika daftarini kwamba kichanga hupitisha maji, mfinyanzi huyashika, na tifutifu ndio wenye rutuba. Tuliyakariri kama tulivyokariri majina ya mito. Lakini lisikilizeni neno lenyewe. Mimi nasikia ndani yake kitenzi tifua: kutifua ardhi, kuichimbua ikalegea. Tifutifu ni udongo unaotifuka kwa urahisi, usiovunja jembe na usioganda mguuni. Hiyo ni habari ya ukubwa wa chembe na jinsi zinavyoshikana. Chembe hizo zimetoka jiwe gani, na zina chakula gani cha mmea, neno halisemi. Rutuba tuliiongeza sisi darasani, kwa sababu mashamba mengi mazuri yana tifutifu.

Na jiwe la mlima ule ni la mchanga. Ni mchanga wa kale uliogandamana ukawa mwamba, na kwenye Tussey umekaza sana. Wanajiolojia huuita Tuscarora, na umri wake ni miaka milioni 440 hivi. Karibu wote ni chembe za kwazi, yaani madini yaleyale yanayotengenezewa kioo. Kwazi ni ngumu, haiyeyuki kwa mvua, na ndiyo sababu mlima umebaki mlima. Bondeni mwamba ni wa chokaa, ambayo mvua huila polepole, ndipo pakawa bonde. Chokaa ikiyeyuka huacha udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi na kalsiamu. Udongo huo umepewa jina la Hagerstown, mji wa Maryland, na ni miongoni mwa udongo unaoheshimiwa sana na wakulima wa mashariki ya Marekani. Kwazi ikivunjika huacha kwazi. Haina kalsiamu ya kutoa, haina magnesiamu, haina potasiamu. Kidogo kilichopo kilitoka kwenye saruji ya asili iliyoshikilia chembe na kwenye tabaka jembamba za mwamba laini zilizo katikati ya mawe.

Udongo tuliouchimba unaitwa Hazleton, kwa jina la mji ulio mashariki ya jimbo hili. Ndio ulioteuliwa kuwa udongo wa jimbo la Pennsylvania, kama nchi inavyokuwa na ndege wake au ua lake. Umeenea juu ya milima ya jimbo kwa zaidi ya ekari milioni moja, na mara nyingi juu yake pana msitu. Niwaeleze ukuta wa shimo letu kutoka juu. Kwanza majani makavu, na chini yake majani yaliyooza nusu, meusi, yaliyofungwa na mizizi kama mkeka. Kisha udongo mweusi wa vidole vichache tu. Chini yake ukanda mwembamba uliopauka, rangi ya majivu, kwa kuwa mvua imekwisha kuusuuza. Halafu sehemu kubwa ya shimo: udongo wa rangi ya hudhurungi yenye umanjano, uliolegea, wenye vibapa vya mawe vilivyolala kila upande kama vigae vilivyovunjika. Kadiri unavyoshuka vibapa vinaongezeka na udongo unapungua, mpaka chini kabisa ukawa kama mtu aliyejaza mawe kwenye gunia kisha akamimina mchanga kidogo kuziba nafasi. Mwamba wenyewe katika udongo wa Hazleton huwa chini ya mita moja, mara nyingine chini ya mbili. Tulipima uchachu katikati ya ukuta, tukapata pH 4.6.

Namba hiyo ndiyo iliyonizima. Udongo ukishuka chini ya 5, alumini iliyofungwa ndani ya madini huanza kuachiliwa kwenye maji ya udongo, na alumini hiyo huidumaza mizizi ya mahindi. Mzizi unakuwa mnene, mfupi, hauna matawi. Unaweza kutia mbolea ya chumvichumvi mpaka pesa ziishe, mzizi haufiki kuichukua. Mabuluberi hayajali. Yameuzoea uchachu, ndiyo maana yako kule juu.

Sasa jina kamili. Hapa nawaomba walimu wetu wa isimu wakae karibu, maana nadhani watalipenda. Waainishaji wa Marekani, kwa mfumo waliouchapisha mwaka 1975 na kuusahihisha 1999, wamegawa udongo wote wa dunia katika koo kubwa 12, kila ukoo una matawi, na matawi yana vitawi, ngazi sita kwa jumla mpaka kufika jina la mahali kama Hazleton. Udongo wetu ni Distrudepti wa kawaida. Katika Kiswahili kichwa cha neno ndicho kinachotaja ukoo: ukisikia ki- unatazamia vi-. Majina haya yamegeuzwa, ukoo uko mkiani. Anza mwisho: -epti ni kipande cha Inseptisoli, ukoo wa udongo ambao ndio kwanza unaanza kuumbika. Rudi nyuma: -ud-, penye unyevu karibu mwaka mzima. Rudi tena: distr-, kutoka Kigiriki, ubaya, maana yake hazina yake ya kalsiamu na wenziwe ni ndogo. Kwa hiyo neno moja limesema: udongo mchanga kiumri, wa nchi ya mvua, fukara. Na halijaligusa jiwe hata kidogo.

Mbele ya jina hilo kuna vivumishi vinne, na hapo ndipo tifutifu inapoingia. Cha kwanza kinasema tifutifu yenye mifupa. Hivyo ndivyo wanavyoita, na mimi nimeipenda tafsiri hiyo nikaiacha kama ilivyo: vipande vya mawe vimechukua asilimia 35 au zaidi ya ujazo wa udongo. Fanya hesabu. Mita moja ya kina yenye mawe asilimia 35 ina sentimita 65 tu za udongo wa kushika maji na mizizi. Cha pili kinasema ni wa kwazi: zaidi ya asilimia 90 ya chembe zake za mchanga ni madini ya aina hiyo, yasiyooza. Cha tatu kinaeleza uwezo wa kila sehemu ya mfinyanzi kushika chakula. Wetu umepewa daraja la pili kutoka juu kati ya manne, lakini mfinyanzi wenyewe ni haba, kwa hiyo ni kama kusifiwa mpishi hodari asiye na sufuria. Cha nne ni joto: wastani wa mwaka, kwenye kina cha nusu mita, ni nyuzi 8 hadi 15. Kati ya maneno yote hayo, tifutifu ni moja tu.

Nimeandika "fukara", nisieleweke kuwa nautukana mlima. Msitu wake ulikatwa karibu wote karne ya 19 ili kuchoma makaa ya tanuri za chuma, na ukirandarandia kule juu utaona viwanja vidogo vya duara, bapa, vyenye udongo mweusi tititi. Hapo ndipo makaa yalipochomwa. Msitu umerudi wenyewe. Baadaye ikaja mvua yenye tindikali kutokana na moshi wa makaa ya mawe, ikaosha kidogo kilichobakia. Bondeni chokaa ilizima tindikali hiyo. Mlimani hapakuwa na cha kuizima, ikashuka mpaka kwenye vijito na samaki wake. Sheria ya hewa safi iliyokazwa mwaka 1990 imepunguza moshi huo, lakini kalsiamu iliyokwenda hairudi kwa sheria.

Basi nimjibu vipi mjomba? Jibu la haraka lilikuwa ulimini, na nalisema kwa sababu baadhi yenu mngenishauri hivyohivyo: Mazeras nako jiwe ni la mchanga. Aliyetembea katika nyumba za Nairobi amelikanyaga, zile bamba za "mawe ya Mazeras" zinazotandazwa uani na kubandikwa ukutani. Jiwe la mchanga, tifutifu juu yake, mimi nimetoka kuiona tifutifu ya jiwe la mchanga leo asubuhi, mwambie asinunue.

Kilichonizuia ni somo la wiki iliyotangulia. Ukishuka kusini kutoka Pennsylvania kwa milima hiyohiyo ya Appalachia utafika kaskazini-mashariki ya Alabama, kwenye uwanda wa juu unaoitwa Sand Mountain, yaani Mlima wa Mchanga. Udongo wake mashuhuri ni Hartsells. Nao ni tifutifu, nao umetokana na jiwe la mchanga, nao ni mchachu, tena mwamba wake uko karibu zaidi, kati ya sentimita 50 na 100. Lakini si wa ukoo mmoja na Hazleton. Kule kuna joto zaidi, na wakati wa enzi ya barafu ardhi haikuvurugwa na kuganda na kuyeyuka kama hapa kwetu, ambako barafu kuu haikuwa mbali. Mvua imepata muda wa kuteremsha mfinyanzi kutoka tabaka la juu ukatuama chini. Mkia wa jina lake ni -ulti, Ultisoli, ukoo wa udongo uliokomaa na kuoshwa sana. Mifupa haina mingi. Na watu wanaulima! Mahindi, viazi, malisho, na kuku kwa wingi, ambao samadi yao hurudishwa shambani. Wanatia chokaa na wanajua gharama yake.

Jiwe la aina moja, neno moja la tifutifu, majina mawili na maisha mawili. Mazeras haifanani na hata mmoja kati yao. Hakuna majira ya baridi, kuna masika na vuli na ukavu katikati, na mteremko mmoja unaweza kuwa na udongo wa namna tatu. Nilitafuta ramani ya udongo ya Kenya, ile iliyochapwa mwaka 1982. Ni kazi kubwa na nzuri, lakini kipimo chake ni 1:1,000,000: sentimita moja ya karatasi ni kilomita kumi za ardhi. Ekari moja juu yake haifiki hata unene wa unywele. Shamba la mjomba limo humo kama chumvi ilivyomo baharini.

Nikampigia. Nikamwambia, mjomba, tifutifu huenda ni kweli, lakini mwenye shamba amekuambia habari ya jembe, wewe unataka habari ya mahindi. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba ruhusa uchimbe mashimo matatu, juu ya mteremko, katikati na chini, mpaka kiunoni ukiweza. Tazama jiwe linaanza wapi na vibapa vya mawe ni vingi kiasi gani. Kisha chota udongo wa juu, wa kina cha shubiri, mahali kumi na tano mbalimbali, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, peleka maabara ya udongo. Waulize uchachu, kalsiamu, na chokaa kiasi gani kwa ekari. Na jirani anayelima pembeni muulize anavuna magunia mangapi na anatia nini.

Akanyamaza kidogo. "Nilikuomba ndiyo au la," akasema, "wewe umenipa kazi ya kibarua."

Lakini alikwenda. Jumamosi ilinijia picha: mguu wake ndani ya shimo. Chini ya mteremko jembe lilifika kiunoni bila kugonga kitu. Juu liligonga jiwe kwenye goti, na katika picha ya pili mwenye shamba amesimama ukingoni mikono nyuma. Mjomba anasema bwana huyo alisisitiza kuwa jiwe hilo ni moja tu, limepotea njia. Akachimba hatua kumi kando, akalikuta tena.

Majibu ya maabara hayajarudi. Mwenye shamba amekubali kungoja wiki mbili, ingawa kila siku anamtaja mteja mwingine wa kutoka Mombasa. Jana mjomba alipiga tena, safari hii bila salamu, kuuliza kama chokaa ya kupaka nyumba inafaa kumwagwa shambani. Nimemwomba asinunue hata mfuko mmoja mpaka tuione karatasi.